Mjusi Aliyelazwa Chali Hajalala

Popote ulipo, Masasi mjini, Nagaga, Lulindi, Kitangari, Newala, hadi kule ukingoni Shimo la Mungu unakotazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake, nisikilize. Leo sina habari ya bei ya korosho wala ya mvua. Nina habari ya mjusi. Na naomba usizime redio, kwa sababu jambo lenyewe linafanyika uani kwako, mara nyingi mikononi mwa mwanao, nawe unapita tu.

Namsema yule mjusi mkubwa, gorong'ondwa, anayeota jua juu ya mawe makubwa ya Masasi, kwenye mashina ya mikorosho na miembe, na kwenye kuta za nyumba na madarasa. Dume, wakati wa kutafuta majike, kichwa chake hugeuka buluu ya kung'aa. Akimwona dume mwenzake, au jike, anainua kichwa na kukishusha, anainua na kukishusha. Anachosema ni kwamba hapa pana mwenyewe. Wengi wetu tuliambiwa utotoni kwamba anatudhihaki, na mawe mengi yamemrukia kwa kosa hilo ambalo hakulitenda. Katika ukanda wetu kuna mijusi wa jamaa hii wa aina zaidi ya moja. Mmoja wao alipewa jina la kisayansi Agama mossambica na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1854, naye makazi yake ni huku kusini mashariki mwa Tanzania, Msumbiji na Malawi. Kwa hiyo tunazungumzia mwenyeji kabisa wa hapa kwetu.

Sasa mchezo wenyewe. Watoto wanachuma unyasi mrefu, mgumu kidogo, wanaukunja ncha na kuufanya kitanzi. Mmoja anamnyatia mjusi kwa mbele, mwingine anazuia upande wa nyuma. Mjusi anakimbia, anajibanza kwenye ufa, anatolewa, anakimbia tena. Mwishowe kitanzi kinaingia shingoni. Akishashikwa, anageuzwa chali kwenye kiganja au juu ya jiwe, na mtoto anampapasa tumbo kwa kidole. Mjusi anapiga miguu mara mbili tatu, kisha ananyamaa. Miguu inabaki hewani, vidole vimejikunja, tumbo jeupe liko juu. Hapo watoto wanashangilia: amelala! Wanamwacha hivyo, wanahesabu, wanashindana nani mjusi wake amelala muda mrefu zaidi. Akiamka na kukimbia, anafukuzwa tena, na mchezo unaanza upya.

Swali lililonileta hapa ni hili: mjusi akilazwa chali anadhurika? Au ni mchezo tu usio na neno?

Swali hilo hatuulizi sisi peke yetu. Huko Ulaya na Marekani kuna maelfu ya nyumba zinazofuga mjusi wa Australia mwenye ndevu, anayeitwa kisayansi Pogona vitticeps. Ni wa familia moja na gorong'ondwa wetu, familia ya Agamidae. Akikasirika au akiogopa, ngozi ya kooni inavimba na kuwa nyeusi, ndiyo ndevu zenyewe. Anakua kufikia nusu mita na zaidi, mkia ukiwemo. Ni mpole, anakaa begani kwa mwenye nyumba, na watoto wanampenda. Na huko nako watoto wamegundua kwamba ukimgeuza chali ukampapasa tumbo, anatulia. Wengine hupiga picha na kusema tazama anavyofurahia. Kwa hiyo ninayoyasema yanamhusu pia ndugu yetu aliyeko Ujerumani au Uingereza ambaye mwanawe ameletewa mjusi wa namna hiyo ndani ya kisanduku cha kioo.

Jibu langu nalitoa mapema ili tusizungushane. Ndiyo, kunamdhuru. Akigeuzwa mara moja kwa sekunde chache hafi. Mjusi mzima wa afya anajigeuza mwenyewe akipata nafasi, na akianguka kutoka kwenye shina akatua kwa mgongo, anajipindua na kuendelea na safari. Lakini kumshikilia chali, kumwacha chali, kumrudia mara kwa mara, hayo yanamuumiza, na utulivu tunaouona si usingizi hata kidogo.

Tuanze na pumzi. Mimi na wewe tunapovuta hewa tunasaidiwa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Msuli ule ukishuka, mapafu yanatanuka, hewa inaingia. Pia unazuia matumbo yasipande kifuani. Mjusi hana kiwambo cha namna hiyo. Ndani ya mwili wake hakuna ukuta wa nyama kati ya mapafu na tumbo. Anavuta hewa kwa kutanua mbavu, basi. Na mapafu yake yamekaa upande wa juu, chini kidogo ya uti wa mgongo, wakati tumbo, ini, matumbo na mafuta viko chini yake. Anaposimama kwa miguu yake minne, mzigo huo wote unaning'inia chini na mapafu yako huru. Mgeuze chali, mzigo wote unaangukia mapafu. Ni kama mtu aliyelala kitandani akawekewa kiroba cha mahindi kifuani: anaweza kupumua, lakini kila pumzi anaigharamia.

Mtazame kwa karibu siku ukimkuta katika hali hiyo, utaona. Mbavu zinapanda na kushuka kwa nguvu kuliko kawaida, halafu zinasita, halafu zinapanda tena. Ngozi ya kooni inachezacheza. Macho mara nyingi yako wazi. Kama ametoka kula na tumbo limejaa panzi na mchwa, shinikizo linaongezeka, na chakula kinaweza kurudi kooni na kuingia kwenye njia ya hewa. Kama ni jike mwenye mayai, mzigo ni mkubwa zaidi. Na majike wenye mayai ndio wazito, wasiokimbia sana, kwa hiyo ndio wepesi kukamatwa. Hilo watoto hawalijui. Wanaona tu kwamba leo wamepata mjusi mnene.

Kuna jambo jingine ambalo nililisoma nikalihusisha moja kwa moja na mchezo huu wa kwetu. Mwaka 1987 mwanasayansi David Carrier alieleza shida moja kubwa ya mijusi. Misuli ya ubavuni ambayo mjusi anaitumia kupumua ndiyo hiyo hiyo anayoitumia kupinda mwili kushoto na kulia anapokimbia. Kwa hiyo anapokimbia kwa kasi hawezi kupumua vizuri. Ndiyo sababu ukimfukuza anakimbia kipande kifupi, anasimama, anakimbia tena, anasimama. Pale anaposimama anatafuta pumzi. Sasa rudisha fikra kwenye mchezo. Mtoto amemkimbiza kuzunguka jiwe zima, amemtoa kwenye ufa mara ya pili, mjusi ameishiwa hewa kabisa, misuli imechoka. Wakati huo huo, anapohitaji hewa kuliko wakati wowote, anageuzwa chali na matumbo yake yanayabana mapafu. Jambo hilo linaniuma kila ninapoliona, maana mtoto hana nia mbaya. Hajaambiwa.

Haya, tuje kwenye ule utulivu. Kwa nini mjusi akigeuzwa anaganda?

Wanyama wengi wana silaha ya mwisho. Wakishashikwa na adui, mbio zimeshindikana, kung'ata kumeshindikana, mwili unaganda. Miguu inakakamaa, macho yanatazama bila kupepesa, mnyama haitiki hata ukimgusa. Maadui wengi huchochewa na kitu kinachofurukuta, wakiona kimetulia wanaweza kulegeza mshiko, na katika nafasi hiyo ndogo mnyama huchomoka. Umewahi kuona paka amemwachia mjusi akidhani amekwisha, kisha mjusi akachoropoka chini ya kabati. Kuganda huko kumechunguzwa kwa muda mrefu sana. Mwaka 1646 padri Mjesuiti Athanasius Kircher, akiwa Roma, aliandika habari za kuku aliyefungwa miguu na kulazwa sakafuni, akachorewa mstari wa chaki mbele ya mdomo wake. Alipofunguliwa kamba, kuku hakuinuka. Kircher alifikiri kuku anaudhania ule mstari kuwa ndio kamba. Hata huku kwetu wapo watoto wanaofanya mchezo huo kwa kuku wa bibi zao, kwa mstari wa mkaa au wa kidole mchangani.

Zaidi ya miaka 300 baadaye, Mmarekani Gordon Gallup na wenzake walilipima jambo hilo kwa makini. Mwaka 1971 walichapisha matokeo ya majaribio yao: kuku aliyegandishwa huku mwewe aliyekaushwa amewekwa karibu naye alibaki ameganda muda mrefu zaidi kuliko aliyekuwa hana mwewe mbele yake. Hakuna mfugaji wa Newala anayehitaji kuelezwa maana ya kivuli cha mwewe kwa kuku. Kadiri hofu inavyozidi, ndivyo kuganda kunavyorefuka. Kwa hiyo wale watoto wanaoshindana mjusi wa nani amelala muda mrefu, bila kujua, wanashindana mjusi wa nani ameogopa zaidi. Na yule anayetajwa kuwa mshindi ndiye aliyekuwa na wakati mgumu kuliko wote.

Ongeza hapo kwamba mjusi wa jamaa hii ana kitu utosini. Katikati ya kichwa chake, juu, kuna doa dogo, na chini yake kuna jicho la tatu. Halioni sura za vitu, linahisi mwanga na giza. Linamsaidia kupima jua, na kivuli kikimpitia juu, linampa taarifa. Maisha yake yote adui mkubwa anatokea juu: mwewe, kipanga, kozi. Mgongo wake una magamba na rangi ya kujificha kwenye jiwe, tumbo lake ni laini na jeupe. Kumgeuza ni kumfunua sehemu ambayo hajawahi kuionyesha kwa hiari, huku uso wa binadamu ukiwa umemwinamia kutoka kule kule anakotokea mwewe.

Wengine watasema, lakini mjusi naye si analala? Analala, tena usingizi hasa. Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya Max Planck ya utafiti wa ubongo, mjini Frankfurt, Ujerumani, chini ya Gilles Laurent, walitangaza kwamba huyu huyu mjusi mwenye ndevu wa Australia ana usingizi wa hatua mbili zinazopokezana, ule mzito na ule ambao macho yanachezacheza chini ya kope, kama tulivyo sisi. Tofauti ni kwamba mzunguko mmoja wake unachukua sekunde 80 hivi tu, na kwa usiku mmoja anapitia mizunguko kama 350, wakati binadamu anapata minne au mitano. Mimi habari hiyo ilinifanya nimtazame mjusi wa ukutani kwangu kwa macho mengine. Kiumbe mdogo vile, tunayemrushia kandambili, usiku ubongo wake unafanya kazi ambayo kwa muda mrefu tulidhani ni ya wanyama wenye manyoya na ndege peke yao. Lakini analala usiku, mahali alipopachagua mwenyewe, amefumba macho, tumbo limegusa chini na mgongo uko juu. Hakuna mjusi anayekwenda kulala chali. Ukimwona mchana yuko chali, macho wazi, jua linamwakia, usiseme amelala.

Na hilo la jua nalo tulitazame. Mjusi hatengenezi joto lake mwenyewe kama sisi. Analipata kwenye jua na kwenye jiwe, na akipata la kutosha anahamia kivulini. Asubuhi za Juni na Julai kule Newala juu, ubaridi na ukungu wake mnaujua. Mjusi wa saa moja asubuhi ana misuli mizito. Ukimgeuza wakati huo, nguvu za kujipindua hana. Nenda upande wa pili, saa saba mchana mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla ya mvua, mawe ya Masasi yamewaka. Mjusi aliyeachwa chali kwenye jiwe lile, au aliyefungwa uzi akaachwa hapo watoto walipoitwa kula, hana njia ya kuondoka kwenye moto huo. Anakufa kwa joto, na watoto wakirudi wanaona bado amelala.

Yanayompata mjusi yanampata kobe kwa ukali zaidi. Kobe akipinduliwa, gamba lake linamzuia kujigeuza kwa urahisi. Anasukuma kwa shingo, anapiga miguu, anachoka, mapafu yake ambayo yako juu chini ya gamba la mgongoni yanabanwa na kila kilichomo tumboni, na jua likimkuta wazi hapo hamalizi siku. Wakati wa kupalilia na kusafisha mikorosho, watu hukutana na kobe shambani. Wapo wanaompindua ili asitoroke mpaka watakapomaliza kazi, wapo watoto wanaompindua kwa kutaka kuona atafanyaje, kisha wanamsahau. Ukimkuta kobe chali, acha jembe, mgeuze. Mshike kwa mikono miwili pembeni, mgeuze polepole kwa upande, umweke kivulini, umwache aende zake.

Nimeshazungumza habari za kuku kwa Kircher na kwa Gallup, sasa niseme za kuku wa barabarani kwetu, maana siwezi kumtetea mjusi nikamruka kuku. Kuanzia alfajiri siku ya soko utaona baiskeli na bodaboda zinatoka vijijini kwenda Masasi au kupanda Newala. Kwenye usukani na pembeni mwa keria wamening'inizwa kuku, miguu imefungwa pamoja kwa kamba ya katani au mpira, vichwa chini. Wengine wanakaribia kugusa vumbi. Ukiuliza, unajibiwa kwamba wametulia, hawasumbui. Kuku naye hana kiwambo cha msuli. Hewa inapita kwenye vifuko vyake vya ndani kwa kusukumwa na mfupa wa kidari unaposhuka na kupanda. Kichwa kikiwa chini na miguu juu, matumbo yanaviangukia vifuko hivyo. Utulivu ule ni ule ule wa mjusi, ukichanganyika na uchovu na maumivu ya viungo vya miguu inayobeba uzito wote. Wengine wanafika sokoni wamekwisha kufa, na mchuuzi anahesabu hasara.

Tunayo sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama pasipo sababu, na kusafirisha kuku kichwa chini hakuwezi kuitwa jambo la lazima wakati matenga yanasukwa hapa hapa kwa mianzi na fito. Tenga moja linabeba kuku kadhaa waliokaa kwa miguu yao, hewa inapita, na mchuuzi analitumia msimu baada ya msimu. Naomba maofisa mifugo wa kata walisemee hili kwenye mikutano ya vijiji. Wachuuzi wenyewe ni watu wanaoelewa hesabu, na kuku aliyefika mzima anauzwa kwa bei nzuri kuliko aliyefika amelegea.

Turudi kwa mjusi. Utaniuliza, mbona daktari wa mifugo anamlaza mnyama chali? Kweli, anamlaza. Huko wanakofuga mijusi majumbani, daktari anaweza kumgeuza mjusi kwa muda mfupi amtazame tumbo au ampige picha ya eksirei. Akimfanyia upasuaji anamlaza chali, lakini kwanza amempa dawa ya usingizi, na mara nyingi anamsaidia kupumua kwa mpira ulioingizwa kwenye njia ya hewa, kwa sababu anajua peke yake atashindwa. Hiyo ni kazi ya mtaalamu, ina sababu na ina kikomo. Mtoto mwenye unyasi hana vyote viwili.

Na kwa wale wafugaji wa nje, kuna dalili moja wasiipuuze. Mjusi mwenye ndevu anayekutwa mara kwa mara yuko chali ndani ya kisanduku chake, anashindwa kujigeuza, au anapinda kichwa kutazama juu na kuzunguka, huyo ni mgonjwa. Inaweza kuwa mifupa imelainika kwa kukosa madini ya chokaa na mwanga wa jua, ule wa aina inayomwezesha kutengeneza vitamini D. Inaweza kuwa ni virusi vinavyoshambulia mijusi hao, na dalili zake huonekana kwenye mishipa ya fahamu. Hapo dawa ni daktari, si kumpapasa tumbo. Ndugu yetu aliyeko huko, ukiona hivyo mgeuze, mweke kwenye joto lake la kawaida, umpeleke.

Nitasema na jambo ambalo linatugusa kama Watanzania. Australia ilifunga biashara ya kusafirisha wanyama wake wa asili tangu miaka ya 1960, na mijusi wenye ndevu wanaofugwa Ulaya na Marekani leo wamezaliwa huko huko, vizazi kwa vizazi. Sisi mijusi wetu, vinyonga wetu na kobe wetu walisafirishwa kwa miaka mingi kwenda kuuzwa kama wanyama wa kufugwa ndani, wakikamatwa moja kwa moja porini. Yule mjusi mdogo wa rangi ya samawati kutoka msitu wa Kimboza kule Morogoro, Lygodactylus williamsi, alikamatwa kwa wingi hadi akahofiwa kutoweka, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Mwaka 2016 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Mtu akikufuata kijijini akakuambia vijana wanikamatie mijusi na vinyonga, nawalipa kwa kichwa, toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori. Wanyama hao husafirishwa wamebanwa kwenye mifuko na vikopo, wengi hawafiki, na hakuna anayewageuza wakianguka chali gizani.

Nimebaki na neno kwa wazazi na walimu. Mtoto anayemkamata mjusi ana hamu ya kujua, na hamu hiyo ni mali. Msimpige. Mwonyesheni njia nyingine ya kumtazama. Gorong'ondwa ana mahali pake, kila siku anarudi kwenye jiwe lile lile au shina lile lile. Mtoto akikaa hatua tano au sita, akatulia, ataona mengi: dume akibadilika rangi, jike akichimba shimo mchangani mvua zinapoanza ili atage, watoto wa mjusi wadogo kama kidole wakitokea baada ya wiki kadhaa. Mwalimu wa sayansi anaweza kuwapa wanafunzi daftari waandike saa ngapi mjusi anatoka kuota jua, saa ngapi anaingia kivulini, anakula wadudu gani. Sisimizi, mchwa, panzi, mende wa miti, wote wamo kwenye orodha yake. Hilo ni somo lisilohitaji kitabu wala umeme, na Masasi yenye mawe yake ni darasa bora kuliko mengi.

Ikibidi kumshika, labda ameingia ndani ya nyumba au kwenye ndoo ya maji, ashikwe hivi. Mkono mmoja unapita chini ya kifua na tumbo, vidole vinabeba miguu ya mbele. Mkono wa pili unabeba sehemu ya nyuma. Tumbo linabaki chini, mgongo juu. Usimshike mkia, usimbane shingo, usimwinue kwa mguu mmoja. Hana sumu, msiogope. Akiuma anabana tu kidole, na anafanya hivyo akiwa amezidiwa na hofu. Mpeleke kwenye jiwe au mti wa karibu, mahali penye jua na kivuli pia, umwachie. Halafu mkanawe mikono kwa sabuni, kwa sababu ngozi ya mjusi na kinyesi chake vinaweza kuwa na bakteria wa salmonela wanaoharisha watoto.

Na ukimkuta yuko chali, ameganda, watoto wamemzunguka wanahesabu, usipite. Chuchumaa nao. Waonyeshe mbavu zinavyohangaika na koo linavyochezacheza, waambie huyu hajalala, anaogopa na anatafuta pumzi. Kisha mwambie yule mkubwa wao amgeuze.